2030: Kibaha na Kisarawe tunamjadili mgombea, lakini nani anampigia kura?



Jumamosi iliyopita nilikuwa Maili Moja, Kibaha, nasubiri fundi anibadilishie kioo cha simu. Pembeni ya kibanda chake kuna kijiwe cha kahawa, na ukikaa kijiwe cha kahawa mkoa wa Pwani usitegemee kusikia habari za Simba na Yanga peke yake. Nusu saa haikuisha, swali likatua mezani pamoja na kashata: hivi 2030 CCM watamsimamisha nani?

Niliangalia saa yangu nikacheka. Jamani, uchaguzi umepita juzi tu, Oktoba 29, 2025, na watu wameshaanza na wa mbele? Lakini nilivyozidi kusikiliza nikaona hawa jamaa hawajakosea. Wana sababu, na sababu yenyewe imo kwenye Katiba.

Ibara ya 40(4) inasema Makamu wa Rais akirithi kiti cha Rais kwa muda wa miaka 3 au zaidi, anaruhusiwa kugombea urais mara moja tu. Magufuli alifariki Machi 17, 2021, Mama Samia akaapishwa Machi 19, na kipindi kilichobaki kilikuwa zaidi ya miaka 4. Ile mara yake moja ameitumia 2025. Kwa maana hiyo 2030 kiti kipo wazi, labda waibadilishe Katiba. Na kwa CCM kiti wazi ndiyo wakati pekee ambapo jina la mgombea huwa ni swali kweli. Rais aliyepo akitaka kurudi mara ya pili chama humwachia njia. Ilikuwa hivyo kwa Mkapa 2000, kwa Kikwete 2010, kwa Magufuli 2020. Kiti kilikuwa wazi 1995, 2005 na 2015. Basi. Kijana wa miaka 20 leo, mara ya mwisho CCM kugombania jina alikuwa yuko shule ya msingi.

Majina yaliyotajwa pale kijiweni mnayajua, na niseme mapema kwamba hakuna hata mmoja aliyetangaza nia mbele yangu, haya ni ya kahawa. Dokta Nchimbi, aliyekuwa mgombea mwenza na kuapishwa Makamu wa Rais Novemba 2025. Mwigulu Nchemba, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwezi huohuo na aliyewahi kuchukua fomu ya urais 2015. Dokta Hussein Mwinyi, ambaye kipindi chake cha pili Zanzibar kinaisha 2030 hiyohiyo. Mwingine akamtaja January Makamba, aliyeingia tano bora 2015, wenzake wakamzomea kwamba 2025 jina lake halikurudi hata kwenye kura za maoni za ubunge kule Bumbuli. Na dereva bodaboda mmoja, mtu wa huku huku, akauliza kwa nini asiwe mtu wa Pwani tena.

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka moto.

Hoja ya mtu wa nyumbani ina nguvu sana huku kwetu, na siwezi kuwalaumu watu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Pwani. Kikwete ni wa Msoga, na sekondari alisoma palepale Kibaha Sekondari miaka ya 60. Huyu Hussein Mwinyi anayetajwa leo aliwahi kuwa mbunge wa Mkuranga, jirani na Kisarawe, kati ya 2000 na 2005. Kwa hiyo mtu wa Kibaha akisema "urais ni kitu chetu" hajaota. Hata 1995 majina mawili yalipobaki Dodoma, mmoja alikuwa kasoma Kibaha na mwingine, Mkapa, alipita Pugu, ukitoka hapo unapandisha kidogo tu uko Kisarawe.

Ila niliwauliza jamaa: hebu twende kwenye hesabu. Mtu wa Msoga alikaa Ikulu miaka 10, kuanzia 2005 mpaka 2015. Mji wa Kisarawe ulizinduliwa mradi wa maji kutoka Kibamba Juni 2020, na aliyezindua alikuwa mtu wa Chato. Nisiwe mnafiki, upanuzi wa mtambo wa Ruvu Juu uliowezesha maji hayo ulianza enzi ya Kikwete. Lakini mama anayebeba ndoo hakumbuki upanuzi wa mtambo, anakumbuka bomba lilipotoa maji. Na barabara ya Makofia – Mlandizi – Vikumburu, ambayo ingeunganisha Bagamoyo, Kibaha na Kisarawe bila mtu kuingia Dar, imekuwa ikisomwa kwenye hotuba za bajeti ya ujenzi chini ya zaidi ya rais mmoja. Mtu wa nyumbani au wa mbali, hotuba ni ileile.

Hoja ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, nitaisema tu. Kuna watu wana kalenda ya dini. Wanahesabu kwa vidole: Nyerere Mkristo, Mwinyi Muislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Muislamu, Magufuli Mkristo, Samia Muislamu, kwa hiyo 2030 tayari wanajua. Mwingine anaongeza ya Bara na Visiwani. Wadau, huu mpangilio haupo kwenye Katiba ya nchi. Mama Samia hakuja kwa zamu, alikuja kwa sababu rais alifariki na ibara ya 37(5) ikafanya kazi yake. Ukimpima mtu kwa kalenda ya namna hii maana yake umeshakubali kutompima kwa kitu kingine chochote.

Simu ikawa tayari, nikalipa, nikaaga. Lakini swali likanikaa kichwani, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Kisarawe siku ya pili, nikaenda nalo.

Kwa wasiojua jiografia yetu, Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, lakini ukitegemea daladala wengi tunaingia kwanza Dar es Salaam, tunazunguka hadi Gongo la Mboto, tunapita Pugu ndiyo tunapandisha milimani. Mkoa mmoja, unapita mkoa mwingine! Na ukifika unaona tofauti. Kibaha ni makao makuu ya mkoa, ipo kwenye barabara kuu ya Morogoro, ina viwanda, ina treni ya SGR inayopita Soga na Ruvu, ina bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 31, 2025. Kijana wa Kibaha anampima mgombea kwa swali la ajira: hivi viwanda vitaniajiri au vitanipa kibarua cha siku? Kisarawe ni mihogo, korosho, mkaa, mashamba, na wafugaji waliokuja na mifugo yao. Kijana wa Maneromango anauliza habari ya barabara, bei ya korosho, na ng'ombe walioingia shambani. Hata vipimo vyao vya uongozi vinatofautiana. Kisarawe bado wanamtaja Jokate Mwegelo, aliyekuwa mkuu wa wilaya kuanzia 2018 hadi 2021, kwa ile kampeni yake ya Tokomeza Ziro mashuleni. Walimwona. Kibaha wako karibu na viongozi wote wanaopita barabarani, na labda ndiyo maana hawamshangai yeyote, msafara ukipita wao wanasubiri foleni ifunguliwe.

Kwa hiyo vigezo watu wanavyo, tena vya maana kuliko hiyo kalenda ya dini. Shida iko sehemu nyingine kabisa.

Pale Kisarawe mjini, stendi, nilikaa na mzee mmoja ambaye ni balozi wa shina. Nilimwamkia, tukaongea habari za mvua, kisha nikamuuliza: mzee wangu, Januari 2025 chama kilipompitisha mgombea kule Dodoma, wajumbe wa kutoka Kisarawe walikuwa kina nani?

Alifikiri kidogo. Akataja mmoja, akasita, akajirekebisha. Wa pili hakumkumbuka. Halafu akasema kitu nilichokiandika palepale kwenye kikaratasi cha nauli: "Mwanangu, sisi hatukumtuma kitu, na yeye hakutuuliza kitu."

Niliwauliza wengine wanne watano siku ile, na niliporudi Kibaha nikauliza tena kijiwe kilekile cha wachambuzi. Majina ya wagombea wa 2030 walikuwa nayo kama kumi. Jina la mjumbe wa mkutano mkuu kutoka Kibaha Mjini, hakuna aliyekuwa nalo. Hakuna!

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo penyewe.

Utaratibu wa CCM kiti kikiwa wazi uko hivi. Makada wanachukua fomu, wanatafuta wadhamini mikoani, wanarudisha. Kamati Kuu inapendekeza majina yasiyozidi matano. Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura kubakiza yasiyozidi matatu. Mkutano Mkuu unachagua moja. Mwanachama wa kawaida, yule mwenye kadi na kofia, hapigi kura hatua yoyote kati ya hizo. Kwenye ubunge aliwahi kupewa, 2010 na 2015 wanachama walipiga kura za maoni. Kwenye urais, hajawahi.

Wapiga kura wanakuwa wangapi? Mwaka 1995 duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Wakarudia wawili wa juu. Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti kura 47. Yaani wadau, basi moja la abiria kutoka Ubungo kwenda Dodoma lingewabeba wote walioamua nani atuongoze miaka 10, na viti vingebaki. Mwaka 2005 pale Chimwaga, Kikwete akapata 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mwandosya 122. Miezi michache baadaye nchi nzima ikampa Kikwete asilimia 80. Mwaka 2015 makada 42 walichukua fomu, kituko kile mnakikumbuka, na mwishoni Magufuli akapata 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253, Dokta Migiro 59.

Angalia huo mtiririko vizuri. 1995 wajumbe waligawanyika karibu nusu kwa nusu. 2005 mshindi alikuwa wazi lakini kulikuwa na ushindani, na mtandao wa Kikwete ulikuwa umefanya kazi miaka kumi kutoka chini. 2015 ushindani mkubwa uliishia kabla wajumbe hawajafika ukumbini: jina la Lowassa halikuingia kwenye tano. Watatu kati ya wajumbe wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, walitoka hadharani kujitenga na uamuzi huo. Ndiyo, Nchimbi huyuhuyu. Mwaka 2017 Sophia Simba alifukuzwa chama, Nchimbi akapewa onyo kali. Miaka saba baadaye akawa Katibu Mkuu. Siasa za CCM usizisome kwa haraka.

Lowassa alihamia CHADEMA, akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Kwa mtazamo wangu ile ndiyo mara pekee ambapo kukatwa jina Dodoma kulimpa mpiga kura wa Kibaha chaguo la kweli kwenye sanduku. Na tazama nini kilifuata. Membe aliyeonekana kutaka kupambana na Magufuli ndani ya chama alifukuzwa Februari 2020. Mwaka huohuo jina likawa moja. Januari 2025 wajumbe waliitwa Dodoma, ajenda kubwa ilikuwa kumpata Makamu Mwenyekiti Bara baada ya Kinana kujiuzulu, wakampata Wasira. Lakini Januari 19 ukumbi ukaazimia na jina la urais hapohapo, miezi 9 kabla ya uchaguzi, bila fomu kushindanishwa. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa katibu mwenezi wa chama, alihoji utaratibu ule, akajiuzulu ubalozi Cuba Julai 2025.

Halafu ukaja uchaguzi wenyewe. CHADEMA hawakuwemo. Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Matokeo yakatangazwa asilimia 97.66. Intaneti ilizimwa karibu siku 5, vijana waliingia barabarani, watu walikufa. Rais mwenyewe Novemba 14 alitoa pole bungeni na kutangaza tume ya uchunguzi. Mnaosoma haya kwenye kafe mnakumbuka siku zile zilivyokuwa, kompyuta zimezimwa na mwenye duka kafunga geti nusu.

Sasa unganisha. Kama upinzani haumo kwenye karatasi, na mgombea binafsi haruhusiwi, basi kura pekee yenye uamuzi ndani yake ni ile ya Dodoma. Na kama na ile ya Dodoma inakuwa jina moja, kura iko wapi?

Kuhusu mgombea binafsi, naomba nimtaje Mchungaji Mtikila, maana vijana wengi hawamjui. Alishinda Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadilisha Katiba. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, Juni 14, 2013 wakasema Tanzania imekiuka haki. Rasimu ya Warioba nayo ikaliweka. Mpaka uchaguzi wa 2025 hakuna kilichobadilika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, Msolwa, Chalinze. Mkoa wetu huu huu wa Pwani.

Najua kuna mtu atasema, wewe mwandishi mbona unatupigia debe la CCM? Mshikaji mmoja pale Kibaha aliniambia hivyohivyo: mimi si mwanachama, sitaki kuwa, habari za wajumbe wao zinanihusu nini? Swali zuri, na nilishindwa kumjibu kwa sekunde kadhaa. Mimi mwenyewe sina kadi ya chama chochote. Lakini rais akishaapishwa hakuulizi kadi. Kama tangu uhuru rais wa Bara ametoka chama hicho au kile kilichokizaa, basi mlango anaopitia unakuhusu hata kama umesimama nje. Unaweza kudai ufunguliwe mlango mwingine, Katiba mpya, mgombea binafsi, tume huru, na udai kweli. Lakini huu uliopo usiupe mgongo kana kwamba haupo.

Na hapa kuna tarehe ambayo sikusikia mtu akiitaja kijiweni. CCM hufanya uchaguzi wa ndani kila miaka mitano: 2012, 2017, 2022. Unaofuata ni 2027. Unaanzia shina, tawi, kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa wanachaguliwa kwenye mikutano ya wilaya. Kichama Kibaha Mjini ni wilaya yake, Kibaha Vijijini yake, Kisarawe yake. Wajumbe wenyewe ni wachache, unawahesabu kwa vidole. Hao watakaochaguliwa 2027 ndio watakaokaa ukumbini 2030. Kwa hiyo mtu mwenye ndoto ya urais 2030, mwenye akili, hataanza na mabango 2029. Ataanza kupanga watu wake kwenye wilaya 2027, kimyakimya, wakati sisi tunabishana habari ya zamu ya dini.

Anaweza? Chama kina historia ya kuwabana wanaowahi. Februari 2014 makada sita walipewa adhabu ya miezi 12 kwa kuanza kampeni mapema: Lowassa, Sumaye, Membe, January Makamba, Ngeleja na Wasira. Huyo wa mwisho ndiye aliyechaguliwa Makamu Mwenyekiti 2025! Lakini kumpanga mjumbe wa Kisarawe siyo kampeni, ni "kumsaidia ndugu yetu kwenye uchaguzi wa wilaya". Nani atakukamata?

Hapo linaingia suala la bahasha. Wakubwa zangu mnakumbuka takrima, sheria ile ya 2000 iliyoruhusu ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha Aprili 2006. Sheria iliondoka, pilau halikuondoka. Na kundi la wapiga kura likiwa dogo, bei ya kila mmoja inapanda. Kumnunua kila mtu wa Kibaha huwezi. Kuwaweka sawa wajumbe wachache wa wilaya, wanaojulikana majina na namba za simu, si kazi ngumu kwa mwenye hela.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Ghana, chama cha NPP Novemba 2023 kilimchagua Bawumia kwa kura za wajumbe kama laki 2, hadi viongozi wa ngazi ya vituo. Alishindwa uchaguzi mkuu Desemba 2024, sawa, lakini hakuna aliyesema aliletwa na watu hamsini. Afrika Kusini, ANC Desemba 2017, Ramaphosa kura 2,440, Dlamini-Zuma 2,261. Tofauti 179, na chama kiliendelea. Mnajua ANC ina nini na Kibaha? Ile Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kwa Mfipa, iliyofunguliwa Februari 2022, ni ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, kwa msaada wa chama tawala cha China. Makada wa nusu ya kusini mwa Afrika wanakuja kufundishwa uongozi Kibaha, na kijana anayeuza maji barabarani nje ya geti hajui nani alimwakilisha Dodoma.

Kuna pingamizi moja sina jibu lake lililokamilika. Mtu atasema, hata ukimjua mjumbe, ukimbana, ukimtuma, 2025 wajumbe waliletewa jina moja wakapiga makofi. Mjumbe mwema afanye nini kwenye ukumbi wa makofi? Ni kweli. Ninachoona ni kwamba azimio lile lilipita kwa sababu watu waliokuwa ukumbini waliona hakuna wa kuwauliza nyumbani. Mjumbe wa 1995 alirudi wilayani kwake akaulizwa ulimpa nani, Mkapa au Kikwete, na alilazimika kuwa na jibu. Wa 2025 aliporudi Kisarawe kwa mujibu wa balozi wetu yule, hakuna aliyemuuliza hata salama ulifika.

Ndiyo maana siku ile kabla sijapanda daladala nilimrudia mzee nikamweleza habari ya 2027. Alinisikiliza bila kuingilia. Kisha akamwita mjukuu wake, kijana wa kama miaka 22 aliyekuwa anachezea simu upande wa pili, akamtuma nyumbani akamletee kadi. Kadi ikaja imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ya kijani, imechakaa pembeni. Mzee akavaa miwani, akapekua kurasa za ada. Mhuri wa mwisho ulikuwa wa 2019.

"Hesabu hapo nadaiwa miaka mingapi," akamwambia kijana.

Kijana akahesabu. Halafu akauliza, na yeye akitaka kadi anaanzia wapi, maana babu peke yake ni kura moja.

Daladala la Gongo la Mboto likapiga honi, nikawaacha bado wanahesabu.

Nawasilisha.